Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, Mcheza Sinema Aliyekuwa Waziri Mkuu

Kijana wa Katesh akifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, haichukui siku nyingi kabla hajapita katika Barabara ya Kawawa. Ataipanda daladala Magomeni au ataivuka kwa miguu akielekea Ilala, na kondakta atalitaja jina hilo mara kumi bila kulifikiria. Wadogo zetu mlio madarasani leo mnalijua jina la Kawawa kwa njia hiyo, na labda kwa mistari miwili mitatu ya kitabu cha historia: Waziri Mkuu, Makamu wa Rais, Simba wa Vita. Sisi tuliosoma zamani tulilijua kwa sauti yake redioni. Lakini ni wachache, hata miongoni mwetu, wanaojua kwamba kabla ya hayo yote watu wa Tanganyika walimwona Kawawa katika shuka jeupe, usiku, mbele ya gari la sinema, akiwachekesha.

Wahariri waliniomba niandike maisha ya mcheza sinema wa zamani. Nadhani walitazamia niandike habari za Wamarekani wale waliokuja Arusha na Manyara mwaka 1960 kukamata vifaru na twiga mbele ya kamera. Hao wameandikwa vya kutosha, tena na watu wao. Mimi nimeona heri tumtazame wa kwetu.

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa mwindaji wa tembo, na Rashidi alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanane. Msomaji aliyezaliwa wa kwanza katika nyumba yenye watoto wengi hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Elimu yake aliianzia Liwale, katika nchi ya mapori makubwa ya kusini, nchi yenye tembo wengi. Kutoka huko akaenda Dar es Salaam kusoma katika Shule ya Kati, na kutoka Dar es Salaam akapanda gari moshi la Reli ya Kati mpaka Tabora, kwenye Shule ya Sekondari ya Serikali.

Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu kwa kijana Mwafrika wa Tanganyika. Mwanzoni wakoloni waliikusudia watoto wa machifu, waje wafundishwe kutawala kwa niaba ya Serikali ya Mwingereza. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alipita hapo na kumaliza mwaka 1942. Kawawa hakuwa mtoto wa chifu. Alifika hapo kwa akili zake.

Alipomaliza, mlango wa Makerere ulikuwa wazi mbele yake. Sijui kama kijana wa leo anaweza kupima uzito wa jambo hilo. Makerere, kule Kampala, ilikuwa ndiyo chuo kikuu pekee cha Afrika ya Mashariki nzima, na Waafrika wa Tanganyika waliopata nafasi huko walihesabika kwa urahisi. Kawawa aliikataa nafasi hiyo. Kulikuwa na wadogo zake saba nyuma, na walihitaji ada, nguo na chakula. Akaamua kutafuta kazi ili wao wasome. Mwaka 1951 akaanza ukarani katika Idara ya Ujenzi ya Serikali, Dar es Salaam, akihesabu fedha za watu wengine.

Katika shule yetu hii wamepita vijana wengi waliokabiliwa na uamuzi wa namna hiyo, na si wote waliokuja kuwa Mawaziri Wakuu. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wanaosimulia maisha ya Mzee Kawawa hulipita upesi ili wafike kwenye siasa. Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliomtengeneza. Miaka yote iliyofuata watu wenye shahada walimdharau chinichini kwa kuwa hakufika chuo kikuu, na yeye hakuwahi kuonekana kulijali hilo.

Kutoka Idara ya Ujenzi alihamia Idara ya Ustawi wa Jamii, na huko ndiko alikokutana na sinema.

Hapa inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, walipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kazi yao ilikuwa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika: kilimo, afya, kuweka akiba posta, kulipa kodi. Kwa muda wa miaka miwili walitengeneza sinema 35 hivi, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya picha. Iliwekwa katika sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha, na santuri ikichelewa kidogo mtu kwenye picha aliongea akiwa amekwisha kufunga mdomo. Ulipofika mwaka 1937 fedha zilikwisha na mpango ukafa.

Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida. Picha ziende polepole, alisema, zisirukeruke, na kusiwe na ujanja wowote wa kamera. Maofisa walikuwa na kisa walichopenda kusimuliana, kwamba wanakijiji walionyeshwa sinema ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu wameona kuku. Kweli kuku alipita pembeni mwa picha, na hao maofisa hawakuwa wamemwona. Kisa kilisimuliwa kuwaonyesha Waafrika kuwa wajinga. Mimi nikikisoma naona ni maofisa ndio walioshindwa kuona kuku.

Wakati huohuo watu wa Dar es Salaam walikuwa wakijazana katika majumba ya sinema kama Avalon, Empire na Empress, wakitazama picha za Kihindi zenye saa tatu na nyimbo kumi, na picha za farasi na bastola za Marekani, na walizielewa barabara. Serikali ikaona kwamba ikitaka kusikilizwa lazima itengeneze picha za hadithi, za Kiswahili, zenye wachezaji ambao watu watawapenda. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaingia mkataba na kampuni ya sinema ya Johannesburg ije itengeneze sinema Tanganyika. Kamera, wapiga picha na fedha vilitoka nje. Wachezaji walitafutwa hapahapa, na mchezaji mkuu akapatikana katika ofisi ya Serikali: karani kijana kutoka Songea, mwenye mwili mkubwa, uso wa bashasha, na Kiswahili kinachotiririka.

Kawawa alionekana katika sinema kadhaa za miaka ile: Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na nyinginezo. Iliyompa jina kubwa kupita zote ni Muhogo Mchungu, na muhogo huo ni yeye mwenyewe, mtu wa shamba aliyeingia mjini. Sinema nyingi za mpango ule zilitembea katika njia hiyohiyo. Mtu wa kijijini anavutwa na taa za Dar es Salaam, wajanja wa mjini wanamwona kabla hajawaona, na fedha zake zinakwenda. Watazamaji walicheka mpaka machozi, kwani nusu yao walikuwa wamefika mjini kwa njia hiyo na kupata mkasa huohuo, na nusu nyingine walikuwa na ndugu aliyepata.

Tukumbuke Serikali ya mkoloni haikulipia sinema hizi ili watu wacheke. Miaka ile vijana walikuwa wakimiminika Dar es Salaam, na wakubwa waliogopa. Mji ulijaa watu wasio na kazi rasmi, nao ni hao ambao kesho wangesikiliza hotuba za siasa. Maafisa walizoea kuwakamata na kuwarudisha makwao. Kicheko cha Muhogo Mchungu kilikuwa na ujumbe ndani yake: bakini mashambani, mji si mahali penu. Kama Kawawa aliuona ujumbe huo wakati anacheza hatuwezi kujua, lakini mtu aliyesoma Tabora si rahisi kuficha kitu kama hicho mbele ya macho yake. Tena yeye mwenyewe alikuwa mtu wa shamba aliyeingia mjini, na mji haukumshinda.

Wenye umri wangu mtakumbuka gari la sinema la Serikali, maana lilikuwa bado linatembea tulipokuwa wadogo. Lilifika jioni likiwa limejaa vumbi, jenereta ikaanza kunguruma, shuka likafungwa kati ya miti miwili, na upepo wa Mlima Hanang ukalipuliza hata uso wa mtu pale kwenye picha ukawa unajikunja na kujikunjua. Wachungaji walisimama nyuma na fimbo zao, watoto wakakaa mbele chini. Kwa njia hiyohiyo, miaka 20 kabla yetu, sura ya Kawawa ilifika vijijini ambako hajawahi kukanyaga. Alipokuja baadaye kupanda jukwaani kama mwanasiasa, watu wengi walikuwa tayari wanamjua. Hilo ni jambo ambalo mwanasiasa mwingine yeyote wa wakati wake hakuwa nalo.

Lakini uchezaji wake haukuchukua miaka mingi. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, Serikali ya Tanganyika iliwakamata Wakikuyu wengi waliokuwa wakifanya kazi kaskazini mwa nchi na kuwaweka kizuizini. Mwaka 1953 Kawawa, akiwa mtumishi wa Ustawi wa Jamii, alipelekwa Urambo kufanya kazi miongoni mwa wafungwa hao. Fikiria kijana wa miaka 27, jana alikuwa mchekeshaji wa Serikali katika sinema, leo yuko kambini kati ya watu waliofungiwa kwa sababu ya kabila lao. Aliporudi Dar es Salaam hakuwa mtu wa kuchekesha tena.

Wakati huo Serikali ilikuwa imepiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa Julai 1954 Kawawa hakuweza kuingia. Akatumia njia iliyokuwa wazi. Alikuwa Rais wa chama cha watumishi wa Serikali Waafrika. Vyama mbalimbali vya wafanyakazi vilipoungana Oktoba 1955 na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, Kawawa akachaguliwa Katibu Mkuu wa kwanza. Akaacha kazi ya Serikali, na pamoja nayo mshahara wa uhakika uliokuwa ukiwasomesha wadogo zake. Mara tu alipokuwa huru na kanuni za utumishi, aliingia TANU.

Miaka ile ya TFL ndiyo iliyomjenga Kawawa wa siasa. Waliokuwa wakigoma walikuwa makuli wa bandari, wapishi na maboi wa hoteli, wafanyakazi wa mashamba ya katani na wa viwanda. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogoma, wananchi waliombwa waache kunywa bia ya kiwanda hicho, na wengi wakaacha. Wazee wanywaji wanasema huo ulikuwa mgomo mgumu kuliko yote. Kawawa alijua kusema na watu wa namna hiyo. Alisema polepole, kwa mifano, kwa mzaha unaoingia mahali pake, na nadhani hapo mcheza sinema alikuwa akimsaidia mwanasiasa.

Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, kisha mwaka 1960 akawa Waziri katika serikali ya madaraka ya Nyerere. Uchaguzi wa mwaka huo unatuhusu sisi watu wa huku kwa namna ya pekee. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, wakati ule Hanang ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Chama kilikuwa kimemteua Chifu Amri Dodo, lakini watu wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama mwenyewe. Wazee wetu wamejivunia jambo hilo mpaka leo, na sina haja ya kuongeza kuni.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama, na akamwachia Kawawa nchi. Watu walishangaa. Kawawa alikuwa na umri wa miaka 35. Magazeti ya Ulaya yalijiuliza ni nani huyu, na baadhi hayakusahau kutaja kwamba aliwahi kuwa mcheza sinema, kana kwamba ni dosari. Hapa nyumbani kuna waliodhani atakuwa kivuli tu kinachotunza kiti.

Hakuwa kivuli. Katika miezi 11 ya Uwaziri Mkuu wake wa kwanza kazi ya kuweka Waafrika katika nafasi za Wazungu serikalini ilikwenda mbio, utawala wa machifu ukatayarishiwa kifo chake, na katiba ya Jamhuri ikapitishwa. Lakini katika miezi hiyohiyo Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na sheria zilizofanya mgomo kuwa kitu kisichowezekana, na watumishi wa Serikali wakatengwa na vyama vya wafanyakazi. Aliyezisimamia ni yule aliyewaongoza wagomaji miaka minne tu nyuma, na aliyewaona kwa macho yake watu wa Urambo waliofungwa bila hukumu. Mwaka 1964 TFL yenyewe, mtoto wake, ikafutwa na mahali pake kikawekwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya Serikali.

Nimewasikia watu wakimtetea kwa kusema nchi ilikuwa changa na isingehimili migomo. Huenda. Wafanyakazi waliomfuata mwaka 1958 nao walikuwa na haki ya kuuliza kilichobadilika ni nini, mshahara wao au kiti chake. Mtu anayeandika maisha ya mkubwa katika gazeti la shule hujaribiwa kuyapitia mambo haya kimyakimya, lakini maisha yaliyoondolewa makosa hayamfundishi mwanafunzi kitu.

Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1962 alikuwa Makamu wa Rais. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi. Nyerere na Kawawa walitolewa Ikulu usiku na kufichwa upande wa pili wa bandari, Kigamboni. Kwa siku kadhaa viongozi wawili wa nchi hawakuonekana, mpaka Nyerere alipojitokeza, na tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza wakaja kuwanyang'anya waasi silaha. Tangu hapo hakuna aliyeweza kutia kisu kati ya watu wawili hao. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 Karume akawa Makamu wa Kwanza, na Kawawa wa Pili.

Mwaka 1972 cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa, na Kawawa akakishika kwa mara ya pili mpaka 1977. Hii ndiyo miaka ambayo watu wa rika langu tunaikumbuka kwa ngozi zetu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili, wamekaa katika vikundi mbele ya redio, wakijifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria na kichocho. Nilipokuja kusoma baadaye habari za sinema za Vugiri nilicheka peke yangu, maana somo lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii mwalimu aliongea kwa sauti ya nyumbani na watu walikuwa na daftari mkononi. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 kikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu alime, hata karani, hata mwalimu, hata uwanja wa shule.

Na zilikuja operesheni za vijiji. Nyerere alitoa amri mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na kazi ya kulitimiza neno hilo ilikuwa ya Serikali iliyoongozwa na Kawawa. Huku kwetu mfugaji wa Kibarabaig aliyezoea kuhama na ng'ombe kufuata majani na chumvi alionyeshwa kiwanja kwenye mstari na kuambiwa hapa ndipo kwako. Wakati huohuo tambarare nzuri za Basotu zilikuwa zikigeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya Serikali kwa msaada wa Kanada. Wengine walipata shule, zahanati na maji kwa sababu ya kijiji. Wengine walipoteza malisho na makaburi ya wazee wao. Wasomaji wa gazeti hili wametoka pande zote mbili, na tukikutana kwenye mnada wa Katesh bado tunabishana.

Serikali hiyo ilifuta pia halmashauri za wilaya mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Yote mawili yalikuja kurudishwa katika miaka ya 1980, baada ya kuonekana kwamba lilikuwa kosa.

Katika miaka hiyo ya 1970 kampuni ya filamu ya taifa ilitengeneza sinema iitwayo Fimbo ya Mnyonge. Kisa chake ni cha mtu wa kijijini anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mji unamtupa, na mwisho anaona nuru katika kijiji cha ujamaa. Ni Muhogo Mchungu amerudi, na safari hii anapelekwa kijijini na Serikali yake mwenyewe. Mwaka 1983, Kawawa akiwa Katibu Mkuu wa CCM, ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupakiwa magari kurudishwa mashambani. Wachuuzi wa karanga na mashona viatu walikimbia kama walivyokimbia enzi za mkoloni. Sijapata kusikia kwamba Mzee Kawawa aliwahi kueleza alijisikiaje kuhusu jambo hilo. Ningalipenda sana kumwuliza, yeye aliyekuwa ameicheza sehemu ya mtu huyo.

Februari 1977 Edward Sokoine, jirani yetu wa Monduli, alichukua Uwaziri Mkuu, na Kawawa akawa Waziri wa Ulinzi. Hakunung'unika kushushwa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na wizara iliyoonekana kuwa ya kupumzikia ikawa wizara ya vita. Jeshi lililokuwa dogo lilipanuliwa kwa miezi michache kwa mgambo waliotoka kila pembe ya nchi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jina la Simba wa Vita lilimkaa vizuri zaidi baada ya hapo.

Alikuwa Katibu Mkuu wa CCM tangu 1982 hadi 1990, kisha Makamu Mwenyekiti mpaka 1992, akapumzika. Mkewe, Mama Sofia Kawawa, aliyekuwa kiongozi wa UWT, alikuwa mtu wa vita vyake mwenyewe. Mwaka 1988 aliposema hadharani kwamba sheria za ndoa zinawaonea wanawake, watu waliandamana Zanzibar kumpinga. Alifariki mwaka 1994.

Mzee aliishi miaka mingine 15. Hata waliomlaumu kwa operesheni na sheria zake hawakumwita mwizi. Alikuwa ameshika madaraka makubwa ya nchi kwa miaka 30, na alistaafu akiwa mkulima wa Madale, nje ya jiji. Alionekana katika sherehe za taifa, amekaa mstari wa mbele na kofia yake, akitabasamu tabasamu lile lile la kwenye shuka jeupe. Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 83, na akazikwa Madale.

Siku zile za maombolezo redio na televisheni zilirudia hotuba zake, picha zake akiwa na Nyerere, picha zake vitani. Nilikaa mpaka usiku nikitazama kama wataonyesha hata dakika moja ya Muhogo Mchungu. Mjukuu wangu aliniuliza nasubiri nini, nikamwambia namsubiri Waziri Mkuu aje atapeliwe mjini. Hakuniamini. Ikabidi nizime televisheni nimsimulie, kuanzia kwa mwindaji wa tembo.